Chaja ya Betri Nne na Jina la Msimamizi

Jumatatu, 11 Oktoba 2004

Nimenunua chaja. Si ya ukuta. Ya betri! Kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, kinameza betri nne ndogo, zile za saa ya ukutani, halafu waya mwembamba unaingia kwenye simu. Gichuru, anayeziuza sokoni hapa Kitengela, aliniapia kwamba hata nikiwa katikati ya mbuga simu yangu haitazimika. Nikamwambia mimi niko katikati ya mbuga. Chumba chetu ni cha mabati, na stima imeishia ploti ya tatu.

Kwa nini nisipeleke simu dukani ichajiwe kama watu wengine? Hilo ni swali la Musila. Musila ni wa kwetu Mwingi, tunalala chumba kimoja, tunabeba karai kwenye mjengo mmoja, na kila jambo langu lazima aliulizie. Nilimjibu kwamba dukani simu inaachwa kutwa nzima, na yangu wiki hii haiwezi kuachwa hata dakika moja.

Sababu naiandika hapa kwa kuwa siwezi kumwambia mtu. Mke wangu Nzilani yuko kwa mama yake, karibu kujifungua. Kwetu Ukambani mtoto hupewa jina siku ya tatu. Msichana wetu wa kwanza, Nzisa, alichukua jina la mama yangu. Mvulana, Munguti, alichukua la baba yangu. Akija mvulana wa pili, jina ni la baba mkwe, Mzee Mulinge. Hakuna asiyejua hivyo. Mzee mwenyewe ameshatenga mbuzi.

Shida ni kwamba mwezi uliopita nafasi ya jina hilo nilimpa Lesiamon.

Lesiamon ni msimamizi wa mjengo, Mmaasai wa Isinya. Siku hiyo nilikuwa nimebeba kokoto tangu asubuhi, jua limenipiga mpaka masikio yanalia. Nikamwona amesimama kwenye kivuli cha stoo, akilalamika kwamba mtu wa stoo ameacha kazi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema mtoto wangu ajaye, akiwa mvulana, ataitwa Lesiamon. Akanishika bega. Akasema baba wa mtu mwenye jina lake hawezi kuonekana na karai kichwani. Siku jina litakapokubaliwa nyumbani, ufunguo wa stoo ni wangu. Kivuli! Kiti! Kulinda saruji nikiwa nimekaa! Na mtoto atapewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa.

Nzilani hajui. Nikimwambia mapema atakusanya jeshi. Mpango ni huu: watapiga simu siku ya jina kuuliza baba anasemaje, nitamke mara moja, wazee wameshakaa, hakuna wa kubisha. Kwa hivyo simu iwe hewani. Basi.

Jumanne, 12 Oktoba

Chaja imemeza betri nne mpya na kutoa mistari miwili ya chaji kwenye simu. Miwili! Taa nyekundu iliwaka vizuri, ikafifia, ikafa. Kufika saa nne simu ikatoa ile sauti yake ya kulalamika, ikazima. Lazima niseme ukweli, simu yenyewe ni ya mtumba, na betri yake nimeifunga kwa raba.

Nikatoa betri za redio. Redio ni yetu wawili. Jioni Musila akakaa kitandani kusikiliza salamu za Kikamba, akazungusha kitufe. Kimya. Akafungua nyuma. Patupu. Nikasema labda ni panya. Akaniuliza ni panya gani huyo anayefungua kifuniko, anatoa betri, halafu anakirudisha kifuniko vizuri. Alilala akiimba mwenyewe, kwa sauti, kunikomoa.

Alhamisi, 14 Oktoba

Betri iliyokwisha haijaisha kabisa. Kila mtu aliyekua na redio anajua. Unaiuma kidogo kwa meno, unaianika juani, inaamka. Basi asubuhi niliziuma zote nane nikazipanga juu ya bati, karibu na mahali tunapokoroga zege. Nalangu, mama anayetuuzia chai, alicheka mpaka akaweka birika chini. Aliniuliza, “Baba Nzisa, leo hutaki mandazi? Umeanza kula betri?”

Niliporudi zilikuwa saba. Moja imeteleza kwenye mchanga. Mchanga umeingia kwenye koroga. Koroga imeshaanza kumwagwa kwenye nguzo! Nikaingiza mikono yote miwili ndani ya zege iliyobaki nikitafuta. Nikahisi kivuli nyuma yangu. Lesiamon. Akauliza nafanya nini. Nikasema naangalia kama kokoto zimechanganyika sawasawa. Akawaita wote waje waone. Akasema mtu mwenye uchungu wa kazi namna hii ndiye wa kukabidhiwa stoo. Musila alitema mate kando. Yeye pia anaitaka hiyo stoo, hanidanganyi.

Betri haikupatikana. Iko ndani ya nguzo ya tatu mpaka mwisho wa dunia. Katika saba zilizobaki nilichagua nne kwa kuzilamba. Mstari mmoja. Ulimi bado unawasha.

Ijumaa, 15 Oktoba

Mvulana! Amezaliwa alfajiri. Mbeke, dada yake Nzilani, alipiga kutoka duka la kule kilimani, maana huko ndiko mtandao unashika. Mama na mtoto wazima. Nilipiga kelele mpaka fundi akaangusha timazi. Jina ni Jumapili, akasema. Watapiga baada ya kanisa wasikie neno la baba. Hapo katikati nisiwatafute, simu ya duka huzimwa ikingoja mteja, nao pia hawana stima. Kisha akaanza kuniuliza kama nina habari kwamba Mzee Mulinge amenunua kofia mpya. Simu ikafa.

Nimefurahi. Kofia hiyo imenikaa kooni kidogo, lakini nimefurahi.

Musila alinipongeza, tena kwa kunikumbatia. Halafu akasema nitumie simu yake nipeleke ujumbe, yake imejaa, anaichaji kwa binamu yake. Nilikataa. Ujumbe ukifika, mwenye duka huusoma kwa sauti kwa kila aliye kwenye benchi, na benchi hilo ni la Mzee Mulinge tangu astaafu. Isitoshe, siwezi kusaidiwa na Musila halafu nikapata stoo mbele yake. Kuna mambo hayakai vizuri.

Lesiamon nilipomwambia ni mvulana alivua kofia. “Sopa, Baba Lesiamon!” alinisalimu kwa Kimaasai, mjengo mzima usikie. Nikaitikia, “Ipa.” Tangu hapo vibarua wote, isipokuwa Musila, wananiita Baba Lesiamon. Akasema Jumatatu atakuja na ufunguo mfukoni, nimthibitishie tu kwamba nyumbani wamekubali.

Jumamosi, 16 Oktoba

Nahitaji betri nne mpya. Mpya kabisa, zisizowahi kuumwa. Gichuru ni Msabato, Jumamosi hafungui. Duka lile lingine lina zile kubwa tu, za tochi ya askari.

Nikaenda kwa Nalangu. Redio yake ya chai ina betri nne za juzi. Nikamwambia mtoto wangu wa baadaye, akiwa msichana, ataitwa Nalangu. Alinielekezea mwiko. Akauliza kama mama wa watoto anajua kwamba watoto wake wanagawanywa kama njugu. Nikasema ni mambo ya baba. Akafungua redio akanipa, akasema anachukua jina hilo lakini pia betri zirudi.

Musila tena: nimpe simu aipeleke ichajiwe jioni hii, asubuhi inarudi imejaa. Nilimwambia asante, mimi niko na mashine. Akaangalia mashine. Akaniangalia. Akasema, “Haya, Baba Nzisa. Ukikwama, niko hapa.” Akikwama nani?

Jumapili, 17 Oktoba

Nimekwisha.

Kila kitu kilikuwa tayari. Betri za Nalangu ndani, waya kwenye simu, taa nyekundu imesimama kama askari. Mistari mitatu! Sikwenda kanisani nisije nikaitikisa. Saa saba na nusu simu ikalia. Nikasafisha koo. Neno lilikuwa mdomoni, limeshapangwa. Nikasema halo.

Ilikuwa sauti ya mama mkwe.

Mama mkwe! Mtu ambaye katika miaka tisa sijawahi kumpa mkono. Mtu ambaye nikimwona njiani naingia kichakani, na yeye anaingia kichaka cha upande wa pili, kwa heshima. Mbeke alikuwa amebaki kumshika mtoto, na wanaume wote wako chini ya kilima na mbuzi, basi ikabidi yeye. Sasa yuko sikioni mwangu! Karibu kuliko mke!

Nilisimama. Nikavaa shati. Nilipomaliza kufunga vifungo yeye bado alikuwa kimya, kwa heshima. Nikamsalimu huku nimeugeukia ukuta. Nikasikia mwenye duka akisema, “Mama, rudi, mbona umeipa simu kisogo?” Akarudi. Akauliza kama tuko salama. Nikasema salama. Nikauliza mvua. Akasema bado. Akauliza kazi. Nikasema ipo. Kimya. Mimi namngoja yeye, ni mkubwa. Yeye ananingoja mimi, ni mwanamume. Taa imeanza kufifia. Akauliza kama mbuzi wa huku kwa Wamaasai wana afya. Nikasema wana afya sana. Kimya kingine. Nilikuwa natoa jasho kuliko siku ya kumwaga slabu.

Mwishowe akasema kuna lile jambo ambalo yeye hawezi kulitaja. Ni kweli, hawezi. Jina wanalongoja ni la mume wake, na yeye tangu aolewe hajawahi kulitamka. Nikasema jambo hilo nimelisikia. Akasema Mungu abariki, basi liwe kama lilivyo. Hapo ndipo ningesema! Hapo hapo! Lakini unamwambiaje mama mkwe, kwa mdomo wako, kwamba jina la bwana yake umempa mtu wa Isinya? Nikasema, “Mama, naomba kusema kitu.” Akasema, “Sema, mwanangu.” Miaka tisa, hajawahi kuniita mwanangu. Nikavuta pumzi.

Taa ikazima. Simu ikazima.

Musila alikuwa mlangoni amejishika mbavu, machozi yanamtoka. Alininyooshea simu yake. Nilimpita nikakimbia mpaka kwa Nalangu kumwomba betri za saa. Nalangu akasema nirudishe kwanza zile za redio.

Jumatatu, 18 Oktoba

Nilipokuwa kwa Nalangu jana, duka lilimpigia Musila. Kumbe namba yake wanayo. Mbeke alikuwa ameshapanda kilima kuuliza kwa nini mama amerudi analia kwa furaha bila jina. Musila anaapa hakutaka kuingilia. Alisema tu kwamba baba hajamwambia kitu, ila hapa mjengoni tangu Ijumaa mtoto anaitwa Lesiamon. Mbeke akauliza mara mbili. Kisha akakata.

Basi jina limefika! Nilikimbia kazini. Lesiamon alikuwa ameshapata habari, Musila alimpigia jana hiyo hiyo. Alinikumbatia mpaka miguu ikaacha ardhi. Akasema mtamba ameshachaguliwa, mwekundu, na atakaa Isinya kwenye boma mpaka mtoto awe mkubwa wa kuja kumchunga. Nikanyoosha mkono kupokea ufunguo.

Ufunguo uko kwa Musila.

Lesiamon alieleza kwa upole kabisa. Jana alinipigia mara sita kunishukuru. Sita! Sipatikani. Lori la saruji linaweza kuja saa yoyote, akasema, na mtu wa stoo lazima akitafutwa apatikane. Musila alipatikana mara moja. “Lakini wewe ni Baba Lesiamon,” akasema, na akanichagulia karai mpya isiyo na tundu.

Kutwa nzima nimepita mbele ya stoo. Musila amekaa. Kwenye kiti. Kila nikipita anasimama kidogo, kwa adabu. Hiyo ndiyo inaniumiza zaidi.

Jumanne, 19 Oktoba

Ujumbe wa Nzilani umekuja kwenye simu ya Musila. Alinisomea akiwa kitini. Mzee Mulinge alisikia, akavua kofia mpya, akaingia ndani, hakula mbuzi wake. Wanawake wakaketi upya. Mtoto ana majina mawili. Lesiamon ni la kuitwa na watu wa Kitengela. Nyumbani ni Mulinge, na atakayeita lingine uani kwake ajue anakolala. Nikiwa na neno la kusema juu ya watoto, akasema, niende nalo kwa miguu yangu miwili. Na mama anauliza, kwa heshima, kama kuna kitu alikosea kusema mpaka simu ikakatwa.

Nilibeba kokoto mpaka jioni bila kupumzika. Lesiamon akanisifu tena.

Jumatano, 20 Oktoba

Sikukuu, hakuna kazi. Musila aliniamsha na chai. Akasema ndani ya stoo kuna soketi, nipeleke simu kila siku, ichaji nikifanya kazi, ikilia ataniita. Kwa moyo safi. Nilimwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Shida haikuwa mpango. Shida ilikuwa betri ndogo! Betri nne za saa ya ukutani zitamwezaje mama mkwe? Nilikwenda kwa Gichuru kumgombeza, akanionyesha mashine mpya iliyofika jana. Inakula zile kubwa za tochi ya askari. Nane! Ina mkanda wa kuvaa begani, na taa mbili. Hakuna mwingine aliye nayo Kitengela nzima. Sikuwa na kitu mfukoni, kwa hivyo nilimwambia mvulana wangu ajaye ataitwa Gichuru. Akauliza lini. Nikamwambia awe na subira, mambo haya hayaharakishwi. Akanifungia kwa gazeti, na betri zake ndani.

Nimeivaa sasa. Bega linauma, lakini taa zote mbili zinawaka. Nangoja Nzilani apige. Safari hii sitarudia kosa la kumficha. La Gichuru nitamwambia mapema kabisa, siku moja kabla.