Seli Zilizonona za Bi Taratibu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Profesa ametangaza leo. Ijumaa wanakuja wageni watatu wa kamati ya utafiti. Mimi na Bi Taratibu kila mmoja atawaonyesha kazi yake, na atakayefanya vizuri zaidi ndiye atakayekuwa msaidizi mkuu wa maabara. Nafasi moja, watu wawili. Mimi nina miaka kumi na moja hapa, nimeosha vyombo, nimebeba barafu, nimelisha seli za watu kama zangu. Yeye ana minne. Hesabu iko wazi.

Bi Taratibu si jina lake. Nilimbandika mimi, kwa sababu huandika lebo, akaisoma, akaibandika kwenye chupa, kisha akaisoma tena. Nilikusudia kumkejeli. Sasa hata Profesa anamwita hivyo, na kwa sauti ya heshima.

Nimefanya mazoezi ya kueleza mbele ya mama mkwe, ambaye yupo kwetu tangu mwezi uliopita na kifundo chake cha mguu kilichovimba. Nikamwambia: mama, ndani ya kila seli kuna protini inayopokea habari ya hatari. Habari ikifika, seli huibandika protini hiyo alama, mnyororo wa protini nyingine ndogondogo. Ikiwa na alama, inapiga kengele: damu inakuja, joto linakuja, askari wa mwili wanakuja, mguu unavimba. Ikikosa alama, protini ileile inageuka na kuiamuru seli ife.

Mama mkwe akafikiri, kisha akauliza ni nani anayebandika. Nikasema vimeng'enya. Akauliza na vikilala je? Nikamwambia hayo yatakuja baadaye. Ukweli ni kwamba hiyo ndiyo kazi yote ya Bi Taratibu, na sikutaka kuitangaza nyumbani kwangu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Balaa. Seli zangu zimekonda. Zilitakiwa kulishwa Ijumaa, lakini Ijumaa niliondoka mapema kwenda kumchukulia mama mkwe kiti cha kuegemea. Wema unaponza.

Mpango: kufika kabla ya Bi Taratibu. Nimefika saa moja kasorobo asubuhi. Kwenye rafu yake ndani ya inkubeta, lile kabati la joto la kukuzia seli, nimekuta chupa moja, seli zimejaa hadi ukutani, zimenona kama wana wa tajiri. Lebo ilikuwa na mistari mitatu ya maandishi madogo. Wa kwanza nimeusoma. Miwani ilikuwa kwenye koti jingine.

Nimechukua nusu nikazihamishia kwenye sahani zangu, nikarudisha chupa mahali pake. Nusu si wizi. Nusu ni kuazima.

Jioni nimepata wazo la pili. Wageni wanapenda picha. Nimemwomba mama mkwe nimpige picha kifundo chake, nionyeshe kuvimba kulivyo kwa binadamu halisi. Alikubali kwa sharti moja: nipige na mguu mzima pia, ukae kando ya mgonjwa, wageni wasije wakadhani kwao wote wana miguu ya namna hiyo. Nikamweleza kwamba mguu mzima hauna habari yoyote ya kisayansi. Akavuta shuka akafunika yote miwili. Nimepiga yote miwili.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Saa tatu asubuhi nimezitia seli kichochezi, yaani protini nyingine, inayoipelekea seli habari ya hatari. Nilitarajia kengele. Profesa alikuwa amekaa nyuma yangu siku nzima akisahihisha ripoti, kwa hiyo ilinibidi niangalie kila saa na kuandika, jambo ambalo si kawaida yangu.

Saa nne: nzima. Saa tano: nzima. Saa saba: zimeanza kujikunja. Saa nane: zinajifunga vifurushi, kama watu wanaohama. Saa tisa: zimekufa. Zote. Kwa utaratibu kabisa, bila fujo, kama zilizopewa notisi.

Nilikaa kwenye kigoda. Siku mbili zimebaki na sina hata seli moja ya kumwonyesha mgeni. Halafu akili yangu, ambayo watu wengi wanaidharau, ikafanya kazi. Kifo nacho ni matokeo! Nikageuka nikamwambia Profesa kwamba nimegundua kipimo cha kichochezi kinachoua seli za kawaida bila msaada wa kitu kingine.

Profesa alivua miwani. Akauliza kama nina hakika ni seli za kawaida. Nikamjibu ni za kawaida kama mkate. Akasema kama ni kweli basi jambo hili ni kubwa, nilirudie kesho, na Ijumaa niwaonyeshe wageni.

Bi Taratibu aliuliza kwa upole zimechukua saa ngapi kufa. Nikasema sita. Akaandika kwenye daftari lake. Kisha akaenda kwenye inkubeta, akafungua, akasimama hapo muda mrefu. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimerudia. Safari hii nimetumia seli zangu mwenyewe, ambazo zimepata nafuu, kwa sababu ile chupa ya Bi Taratibu imehamishiwa rafu ya juu na mbele yake pamewekwa makopo sita.

Saa tisa: nzima. Saa kumi: nzima. Saa kumi na moja: nzima, zinapiga kengele kwa nguvu zote, zinang'aa, zinapendeza. Sijawahi kuichukia afya kiasi hiki.

Nyumbani sikula vizuri. Mke wangu akaniuliza, baba watoto, kuna nini? Nikamwambia nina seli zimegoma kufa. Akaniuliza kwani jana si nililalamika zimekufa. Wanawake hawafahamu sayansi inavyokwenda. Mama mkwe, kutoka kwenye kiti chake, akauliza kama seli za leo ni zilezile za jana. Nikasema seli ni seli. Akanitazama kama ninavyotazamwa na Bi Taratibu.

Nimepata mpango wa kesho. Ni mdogo na hauna madhara kwa mtu. Karibu na sinki la maabara kuna chupa ya sabuni ya vyombo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Niandike upesi kabla sijabadilisha mawazo.

Wageni wamekuja saa nne. Watatu: wawili wenye mikoba na mmoja mzee mwenye sauti ndogo, ambaye wote walimpisha mlangoni. Nilikuwa nimetia matone mawili ya sabuni kwenye kila sahani. Moja lingetosha.

Nilieleza vizuri. Alama, kengele, kifo. Nikaonyesha picha ya miguu ya mama mkwe ukutani. Nikatangaza ugunduzi wangu. Mzee akainama kwenye hadubini. Akakaa hapo. Akasema seli ikiamriwa kufa hujikunja na kufunga vitu vyake, lakini hizi zimepasuka kama mayai yaliyoangushwa. Kisha akanusa.

“Mwanangu,” akaniambia, “maabara yenu hutumia ndimu?”

Nilianza kueleza habari ya hali ya hewa. Profesa akaja, akanusa naye, akaniita kwa jina langu kamili, la kwanza hadi la babu. Hapo nikajua. Nikasema sabuni. Nikasema na la Jumanne. Mbele ya watu watano nikasema seli nilizitoa kwenye chupa ya nani, na kwamba lebo sikuisoma.

Bi Taratibu akaileta chupa. Mstari wa pili wa lebo unasema kimeng'enya kinachobandika alama kimeondolewa. Wa tatu unasema seli hizi zikipewa kichochezi hufa. Ndivyo anavyodai kwenye utafiti wake, na mwaka mzima wenzake wa nje wamekuwa wakimbishia kwamba anaona anachotaka kuona.

Nilingoja animalize. Badala yake akaomba daftari langu la Jumatano. Akalisoma kwa sauti, saa kwa saa, kujikunja, vifurushi, yote. Kisha akafungua lake, la majaribio yake ya mwaka mzima: seli hufa baada ya saa sita vilevile. Akawaambia wageni kwamba huu ni ushahidi mzuri ajabu, kwa sababu umeandikwa na mtu ambaye hakujua kabisa anapima nini.

“Hakujua kabisa?” mzee akauliza.

“Kabisa,” akasema Profesa. Alikubali haraka kuliko nilivyopenda.

Nafasi kapewa Bi Taratibu. Kazi yangu imebaki, kwa onyo la maandishi. Wakati wa kuaga mzee aliniambia kwamba katika maelezo yangu yote kitu kimoja kilikuwa sayansi safi: ile picha. Mguu uliovimba na mguu mzima, kando kwa kando, mwili mmoja, siku moja. Akaniuliza ni nani aliyefikiria kuweka ulinganisho. Nikasema lilikuwa wazo la pamoja.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mke wangu ameshamsimulia mama mkwe kila kitu. Mama mkwe hakucheka. Alisema pole, mwanangu, akanimegea nusu ya mkate wake, akatazama nje dirishani kwa muda. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Adhabu imeanza. Profesa amenipa kitabu cha taratibu za maabara, kurasa thelathini na mbili. Nisome kila ukurasa na kuutia sahihi chini kuonyesha nimeuelewa. Amenipa siku nzima. Nimemaliza kwa dakika tisa, pamoja na kutafuta kalamu. Watu hawajui uzoefu ni nini.

Saa tano Bi Taratibu amekuja kuniuliza ningependa wiki ipi ya mwezi. Wiki ya nini? Ya kugandua barafu kwenye friza kubwa, amesema, kila mwezi kwa mwaka mmoja, maana nimejitolea ukurasa wa kumi na tisa. Nikamwambia amenitega. Akanionyesha kwamba sentensi hiyo ipo tangu zamani, na chini yake imeandikwa: ikate kama hukubali. Wafanyakazi wote kabla yangu wameikata.

Nimekaa nikatafakari kosa langu kwa dhati, kama Profesa alivyoniagiza. Nimeliona. Sahihi yangu inasomeka mno. Mtu yeyote akiiona anajua ni mimi.

Kwa hiyo mchana wote nimefanya mazoezi ya sahihi mpya, fupi, yenye mkia, isiyosomeka hata kwa hadubini. Imetoka vizuri sana. Nimeijaribu mara moja kwenye karatasi iliyokuwa juu ya meza ya Bi Taratibu. Karatasi ya nini, sikuona haja ya kuangalia.