Jinsi Rusizi Ilivyoigundua Amerika

Wananchi wa Rusizi walitangaziwa Jumatatu, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari jeupe, kwamba wao ndio walioigundua Amerika. Tume ya Kuthibitisha Kwamba Tulifika Kwanza ilikuwa imekamilisha utafiti wake, na iliwaomba wananchi waupokee ugunduzi huo kwa utulivu na waendelee na kazi.

Hategekimana, mkaguzi wa Tume kwenye daraja la mpakani la Rusizi II, njia ya kwenda Bukavu, aliupokea kwa machozi. Alikuwa mtu mwaminifu, wa aina ile anayesoma karatasi ya dawa mpaka jina la kiwanda. Hoja za mwenyekiti wake, Dokta Mucyo, alizijua kwa moyo. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu na kuingia Tanganyika. Maji ya Tanganyika hutoka kupitia mto Lukuga, huingia mto Kongo, na Kongo humwagika Atlantiki. Hayo ni kweli, yapo kwenye ramani. Ikiwa maji ya Rusizi hufika baharini, watu wa Rusizi wangeshindwa na nini? Suala la maporomoko ya njiani lilifikishwa kwenye kikao, likaahirishwa.

Ipo simulizi iliyosikika Kairo na kuandikwa katika karne ya kumi na nne, kuhusu mtawala wa Mali aliyetuma vyombo vyake magharibi baharini. Tume iliisoma kwa makini na kuikataa, kwa sababu iliipa Mali nafasi ya kwanza. Vile vichwa vikubwa vya mawe vya Meksiko, ambavyo wengine huona ndani yake sura za Kiafrika, vilikubaliwa. Kimoja kilikuwa na pua ya baba mdogo wa Dokta, mkazi wa Giheke. Picha mbili ziliwekwa sambamba. Baba mdogo hakupinga.

Lakini ushahidi mkuu ulikuwa kwenye sahani. Mahindi, maharage, muhogo, viazi, nyanya na pilipili asili yake ni Amerika, na hakuna mtaalamu anayebisha. Vitabu husema vilikuja na meli za Wazungu. Tume ikauliza: nani aliwaona? Hivyo ikaamuliwa kwamba vililetwa na babu zetu, wakirudi kwa kuupanda mto. Kilicholetwa na babu ni urithi, na urithi hauvuki mpaka. "Hata nikija mimi mwenyewe, msinipitishe!" Dokta aliwaambia wakaguzi, wakampigia makofi. Hategekimana akapewa glavu nyeupe na kutumwa darajani.

Jumanne asubuhi, wa kwanza kumfikia alikuwa Maman Bernadette, mchuuzi wa Bukavu, akiwa na beseni la nyanya kichwani.

"Maman, tua polepole. Umebeba mali ya kale."

"Ya kale? Papa, hii tomate bameichuma jana kule Mururu. Nilikuwaka pale."

"Tunda ni la jana. Urithi ni wa miaka mia sita."

"Miaka mia sita, na ingali mubichi hivi? Basi niache nipite mbio, juu leo itaoza kwenye hii jua yako."

Hategekimana aliinua nyanya moja kwa vidole viwili, kama yai. Akamweleza habari za Lukuga, Atlantiki na pua ya Giheke. Bernadette alisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, hii beseni njo duka yangu yote. Ikioza, kesho nitauza nini? Pua ya ule muzee wa Giheke?"

Wanawake waliojipanga nyuma yake wakacheka.

"Mimi nauliza," alisema mmoja mwenye maharage. "Ule babu alifika Amerika, akarudi juu ya nini?"

"Tena anarudi na tomate!" mwingine akaongeza.

Hategekimana alikiri moyoni kwamba swali hilo lilistahili kikao. Jua lilipanda. Nyanya za juu zikaanza kulainika, na Bernadette akavua kitenge chake cha begani akazifunika, asimtazame tena mkaguzi.

Ndipo lilipofika lori la mahindi.

"Ni ya Mwenyekiti," dereva alisema. "Inaenda Bukavu. Fungua."

Hategekimana akatabasamu. Alijua kwamba wakubwa huwapima wadogo. Akashusha kizuizi chini zaidi. Haukupita muda, gari jeupe likaja, na Dokta Mucyo akashuka.

"Hategekimana, fungua."

"Mheshimiwa, ni mahindi."

"Naona ni mahindi!"

"Ulisema hata ukija wewe mwenyewe." Sauti yake ilitetemeka kwa fahari. "Sitakuangusha."

Dokta akamvuta kando, si mbali vya kutosha. "Haya si yale. Haya yaliletwa na... na meli. Za Wazungu."

"Yote? Au ya kwenye lori tu?"

"Na tomate!" Bernadette alidakia. "Papa, sema na tomate!"

"Na nyanya."

"Bale ba nyuma habasikie! Sema makasi, kwa nguvu!"

Mahindi yalikuwa na mteja, na mteja alikuwa na simu, na simu ilikuwa inaita. Dokta Mucyo akashika kipaza sauti cha gari lake.

"Ndugu wananchi. Hakuna ushahidi kwamba mtu yeyote wa Rusizi alifika Amerika."

"Na pua?" sauti iliuliza.

"Pua ni pua tu."

Hategekimana akavua glavu, moja baada ya nyingine, na kuinua kizuizi. Bernadette alikuwa tayari ameinama kwenye beseni lake. Lori likanguruma, likaanza kumpita pembeni. Hategekimana akasimama mbele ya lori.

"Foleni."

"Hili ni lori la Mwenyekiti wa Tume!" Dokta alifoka.

"Tume ya kuthibitisha nini, papa?" Hategekimana aliuliza.

Alimngoja Dokta kwa heshima zote. Hoja ilikuwa imemgusa yeye pia, kwani pasipo Tume hapana mkaguzi, na alikuwa ameliona hilo kabla ya kuuliza. Alichomoa beji kifuani na kuitia mfukoni.

"Nyuma ya yule maman wa maharage," alisema, na kumwonyesha mahali.

Halafu akamsaidia Bernadette kujitwika.