Moyo wa Kiroboto wa Maji

Jumatatu, 4 Machi
Msiba! Mkuu wa shule kasema maabara inafungwa, chumba apewe Bwana Waya, mwalimu wa kompyuta. Kamati inakuja Ijumaa kukata shauri. Mimi, mtunza maabara, nihamie stoo ya viti. Stoo! Humu ndimo nilimokaa benchi moja na Mama Watoto tukiwa wanafunzi, tunachungulia kiroboto wa maji kwenye hadubini. Kijidudu kidogo, mwili mwangavu, moyo unaonekana ukidunda. Yeye alitazama na kugonga penseli kwenye karatasi kila pigo, nukta, nukta, nukta. Mimi nilihesabu. Tone la spiriti likiingia, penseli ilianza kusinzia. Raha iliyoje! Siku hizo nazitamani mpaka leo.
Nimepata wazo. Kamati itauona moyo ukilewa. Nani atafunga maabara baada ya hapo?

Jumatano, 6 Machi
Nimechota viroboto kwenye bwawa la bustani ya shule. Nimeteleza. Suruali ndiyo basi tena. Bwana Waya akauliza kutoka dirishani kama siku hizi naogelea saa za kazi. Nimempita kwa heshima zangu, nikichuruzika maji.
Mazoezi hayakwenda vizuri. Nilitia tone, nikaongeza, nikaongeza. Moyo ukasimama. Na mwenye moyo pia. Lawama zote kwa chupa, mdomo wake mpana mno.

Alhamisi, 7 Machi
Nimembembeleza Mama Watoto aje kugonga penseli. Kacheka, kasema ana sare za watu kwenye cherehani. Baadaye nimemkuta mezani peke yake, penseli mkononi, anagonga taratibu. Akauliza kama nakumbuka habari ya maji. Nikamwambia nakumbuka kila kitu. Akanitazama, akarudi kwenye sare zake.

Ijumaa, 8 Machi
Kaja! Na gauni la buluu! Nikawasha ile taa kongwe ya maabara, nikaisogeza karibu kabisa na kiroboto ili wakubwa waone vizuri. Penseli ikaanza mbio. Nikatia spiriti. Ikazidi mbio! Mwenyekiti akauliza kama pombe humwongezea mdudu nguvu. Bwana Waya alicheka mpaka akashika ukuta.
Mama Watoto akaninong'oneza kuwa taa inamchemsha kiroboto. Maji yakipata joto, moyo wake hukimbia. Enzi zile, alisema, alikuwa akibadilisha maji kila mara, akitia ya baridi. Nikamwambia mbona sikuona. Akasema ningeonaje, na macho yangu yote yalikuwa kwenye mkono wake.
Uso uliniwaka. Maabara imekwenda.

Jumapili, 10 Machi
Hadubini nimepewa nije nayo nyumbani, hakuna aliyeitaka. Tumeiweka juu ya meza ya cherehani. Yeye akagonga, mimi nikahesabu. Hesabu ikanipotea, nikaanza upya, ikapotea tena. Mkono ule sasa una alama za sindano, lakini ni uleule. Machozi yakanitoka. Nimesingizia spiriti.
Halafu nimekumbuka: shule ya ng'ambo ya barabara bado ina maabara, na kamati yao haijawahi kuona moyo ukilewa! Nitakwenda kesho asubuhi, suruali kavu, kichwa juu. Safari hii sirudii kosa. Mama Watoto alisema shida ni taa, na ni kweli tupu.
Ilikuwa ndogo mno. Nimeazima kubwa.