Matonge Kumi na Manne Katikati ya Mfereji

Jumapili, 11 Mei
Kikao cha klabu yetu ya uvuvi ya Hjulsta, huku Uswidi, nyumbani kwa Abdu, katibu wetu. Mimi, nahodha kwa miaka sita, nimepitisha sheria: Jumamosi tushindane wenyewe kwa wenyewe kwenye mfereji wa Södertälje. Atakayeshika mkia hatavua dhidi ya klabu ya Norsborg. Atabeba chupa za chai. Wote wameafiki. Hawajui nimemlenga nani! Jovia, muuguzi, Mganda, mwaka wake wa kwanza klabuni, na tayari anauliza kwa nini tuvue ninavyosema mimi. Demokrasia ina mipaka.

Jumanne, 13 Mei
Nimetuma waraka wa kurasa tatu kwenye kundi la WhatsApp. Hoja: mfereji ule ni mpana, una kina, meli hupita. Samaki mkubwa hukaa katikati. Kando hukaa vidagaa na waoga. Nimetaja wanafalsafa wawili. Jovia amejibu kwa mstari mmoja: Kapteni, umepima? Nipime nini! Maji si yanaonekana? Abdu ameweka kidole gumba. Hakusema anamuunga mkono nani. Mnafiki.

Alhamisi, 15 Mei
Silaha ya siri: ugali. Waswidi wana chambo chao cha dukani. Mimi nimesonga sufuria nzima ya mke wangu Jennifer, nikachanganya na omena, dagaa wa ziwani, wa kusaga. (Jovia huwaita mukene. Nimemsahihisha mara tatu.) Matonge kumi na manne, kila moja kama chungwa. Jennifer aliuliza wageni ni akina nani. Nikasema samaki. Hakucheka. Anataka sufuria yake, bila harufu.

Jumamosi, 17 Mei
Kura ya sehemu za kuvulia: mimi nafasi ya nne, Jovia ya tano, kando yangu. Filimbi ikalia. Nikarusha matonge yote kumi na manne katikati ya mfereji kwa dakika tatu. Abdu akanikumbusha kwamba mashindano yatachukua saa nne. Nikamwambia ushindi hupatikana mwanzoni.

Jovia hakurusha kitu. Alifunga kipande cha risasi kwenye uzi akapima kina huku na huko, kama fundi cherehani. Eti mita nne kutoka ukingoni sakafu inateremka ghafla, na samaki hula kwenye mteremko huo. Kisha akawa anatupia chambo pale, kijiko kimoja kila dakika tano. Kijiko! Nilicheka hadi Abdu akaninyamazisha.

Saa ya kwanza: mimi sifuri, yeye sita. Saa ya pili ikapita meli ya mizigo. Maji ya katikati yakavurugika, kiboya changu kikaondoka na meli. Samaki wakakimbilia kando. Kwake!

Mizani: Jovia, kilo tisa na nusu. Mimi, mkiani, samaki mmoja, gramu themanini. Kabla hatujawarudisha majini, Abdu aliinua mmoja wa Jovia, mnene, ugali ungali mdomoni. Ugali wangu! Jovia akasema, kwa upole ambao sitausamehe: "Kapteni, umepika karamu ya harusi. Wageni wameshiba, nani atasimama kwa ajili ya funza mmoja kwenye ndoano yako?" Klabu nzima ikacheka. Kisha Abdu akasoma sheria kwa sauti, pamoja na jina la aliyeiandika.

Jumapili, 18 Mei
Nimetafakari bila chuki. Samaki WALIKULA ugali wangu. Hakuna aliyekanusha. Basi nadharia imethibitishwa. Kilichoniangusha ni uchache wa matonge. Kumi na manne! Nilikuwa bahili. Thelathini yangewaweka katikati, meli au hakuna meli.

Jovia, sasa nahodha kwa kuwa mimi sivui, amepiga simu. Kwa adabu ya kuudhi ameuliza kama naweza kuwapimia kina siku ya Norsborg, maana nina jicho zuri. Mimi! Nimesema kazi yangu ni chai.

Nitabeba chupa tatu. Mbili za chai. Ya tatu ina mdomo mpana, na tonge linapita. Nimepima.