Tarishi na Baiskeli ya Ofisi

Tarishi alifika kijiweni kwa Mama Kahawa anaikokota baiskeli mpya, uso umemsawijika utadhani anatoka msibani.

"Ofisi imetangaza," akasema. "Kuanzia Jumatatu barua zote zipelekwe kwa baiskeli. Asiyejua kuendesha, arudishe kitambulisho akapumzike kwake."

"Na wewe hujui?" tukamuuliza.

"Miaka arobaini na sita, jamani. Naogopa kuanguka."

Profesa, yule fundi viatu wetu asiyekosa jibu, akaweka kikombe chini. "Kuanguka kuko kichwani. Tazama mbele, huanguki ng'o!"

"Wewe ulipanda baiskeli lini?" akauliza Mama Kahawa.

"Kwani kocha wa ngumi lazima apigwe?"

Mimi kinyozi nilicheka hadi kahawa ikanipalia. Tarishi hakucheka. Ana watoto watatu shuleni, kazi nyingine hana. Roho ikaniuma, nikasema, "Haya kaka, panda. Tutakushika."

Tukamshika kwelikweli: mimi kiti, Profesa usukani, muuza magazeti kamng'ang'ania shati. Baiskeli haikusogea hata hatua moja.

"Mnamfundisha au mmemkamata?" Mama Kahawa akatuchapa mikono kwa kitambaa cha kufutia vikombe. "Mwachieni! Mtoto hajifunzi kutembea mgongoni."

Tukamwachia. Akayumba, akapiga kelele, akayumba tena, mara akanyooka! Akauzunguka uwanja wa mbele ya kijiwe mara moja, mara mbili, mara tatu. Sisi vifijo, Profesa anapokea pongezi kwa mikono miwili.

Mzunguko wa nne akapita kakodoa macho. "Nashukaje?"

Asubuhi nzima tumebishana habari za kuanguka, breki hakuna aliyeitaja.

"Profesa, mjibu!"

"Hilo... hilo ni somo la kesho."

"Kesho? Miguu imekwisha!" Akapita tena, anahema. "Basi, liwalo na liwe!"

Akafumba macho, akajibwaga mwenyewe kwenye lundo la mchanga wa mafundi ujenzi pembeni. Tukakimbilia huko huku Mama Kahawa akimwita Mungu. Tukamkuta kakaa kitako, goti limechubuka, anacheka mpaka machozi.

"Kuanguka ndiko huku tu?" akasema. "Huku ndiko kulikokuwa kunaninyima usingizi?"

Akajipangusa mchanga, akaiinua baiskeli na kupanda tena bila kushikwa na mtu.

"Jumatatu barua zitafika!" akapaza sauti akiondoka. "Waambieni tu wanaozipokea wasisimame mlangoni!"