Maboya Mekundu

Ijumaa, 9 Mei
Padre amerudia tangazo: Jumapili ni ya Bwana. Mvuvi ambaye wavu wake utakutwa majini siku hiyo, hataingia baharini mwezi mzima. Sawa. Lakini samaki hawakubatizwa, na Jumapili ndiyo siku wanayojiachia. Nina wavu mmoja tu, nao ndio unaolisha watoto wangu wanne. Kwa hiyo nitautega Jumamosi jioni, nitasali Jumapili, nitaopoa Jumatatu. Kazi itafanywa na wavu, siyo mimi. Dhambi iko wapi?

Jumamosi, 10 Mei
Hapa kila mvuvi anajulikana kwa rangi ya maboya yake. Yangu meupe. Ya shemeji, kaka wa mke wangu, mekundu. Ndiye mwenyekiti wa wavuvi, cheo kilichonistahili mimi, kwa hiyo hatusalimiani. Leo nimeyapaka yangu rangi nyekundu. Wakiyakuta, msalaba aubebe yeye! Mama watoto alianza kunieleza jambo kuhusu kaka yake. Nikamwambia habari za huyo mtu zinanipa kiungulia. Nimeshatega, nje kidogo ya mwamba. Akili nyingine ni kipaji.

Jumapili, 11 Mei
Balaa. Kwaya ya ng'ambo imekuja misani kwa mashua, ikanasa kwenye wavu wangu. Wameukokota hadi ufukweni. Umejaa nguru, sijapata kuona! Maboya mekundu, basi kila mtu akamtafuta shemeji. Kumbe shemeji yuko kitandani na homa tangu Jumatano. Kijiji kizima kinajua, isipokuwa mimi. Mzee wa kanisa akasema basi kuna msamaria aliyemtegea mgonjwa kwa siri. Padre akasamehe papo hapo, akabadilisha na mahubiri: tendo jema lisilotafuta sifa. Watu walilia. Samaki wote wakapelekwa kwa shemeji, pamoja na wavu. Mimi ndiye niliyepewa kubeba kapu.

Jumatatu, 12 Mei
Mama watoto ameona rangi nyekundu kwenye kucha zangu. Machozi yakamtoka. Alisema hakujua kama nina moyo wa namna hiyo, na kwamba siri yangu ataingia nayo kaburini. Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniangalia vile. Niliona aibu, nikataka kusema kweli. Akanikaangia mayai mawili. Nikala.

Jumatano, 14 Mei
Sufuria imekauka, watoto wananitazama. Nimekwenda kwa shemeji kuazima wavu. Wavu wangu! Ameshapona, mashavu yamemjaa kwa nguru wangu. Akasema undugu ni kufaana, ataniazima, ila nusu ya samaki iwe yake, maana wavu ule una baraka. Nikamshukuru. Ningefanyaje?

Njiani kurudi nimetafakari sana. Mpango haukuwa na ila hata kidogo. Kosa ni kumchagua mgonjwa. Maboya ya katibu wa parokia ni ya kijani, na huyo haugui hata mafua. Kesho nanunua rangi.