Nguruwe Aliyenipenda Kupita Kiasi

Siku ya Mirihi, Desemba 30

Siku ya njia panda, sikukuu ya miungu wanaolinda mtaa wetu, inakaribia, na atakayetoa sadaka ni mwanangu. Hilaro! Mshona viatu! Mkuu wa mtaa! Atavaa toga, joho la wakubwa, yenye ukingo wa zambarau, na watu wawili wenye fimbo watamtangulia wakiwaambia watu wapishe. Ni ya siku moja tu, lakini siku ni siku. Mimi niliingia Roma miguu imepakwa chokaa ya watumwa, nauzwa sokoni pamoja na sufuria. Sasa Roma itampisha mwanangu.

Shida ni moja. Nguruwe. Lazima aende madhabahuni kwa hiari yake. Akivutwa, akikimbia, miungu wa njia panda wamekataa. Na mtu akipayuka wakati wa dua, pia imeharibika. Wazee wameshasema: siku ikiharibika, toga inahamia kwa msaidizi wake, Vitali. Mama yake Vitali ni Ampliata, mfua nguo wa hapo chini. Tangu asubuhi anatabasamu peke yake. Mwanamke hatabasamu bure.

Nimekwenda kumtazama huyo nguruwe. Macho ya ukaidi mtupu. Akanigeuzia mgongo. Nimerudi zangu nyumbani. Halafu wazo likanijia ngazini. Tini kavu!

Siku ya Mshtarii, Januari 1

Mwaka mpya. Majirani wametuletea tini na asali, tuanze mwaka kwa utamu. Asali nimemwachia Hilaro. Tini zote kala nguruwe.

Ananifuata! Nikisema "njoo mama, njoo," anakuja mbio masikio yakipepea. Kanifuata kisimani. Kanifuata kwa muuza mafuta. Kapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akakwama, tukamshusha watu watano.

Ampliata kanikuta naye barabarani. Leo neno baya ni mkosi, kwa hiyo akanitakia mwaka mwema kwa sauti ya asali kabisa, halafu akauliza kama huyu ni binti yangu mkubwa, maana kiuno ni kilekile. Nami nikamtakia mwaka mwema, na meno mapya.

Hilaro hakufurahi. Kasema, mama, sasa nguruwe anakufuata wewe, na siku hiyo anatakiwa anifuate mimi. Nikamwambia atulie, damu ni moja, nguruwe atanusa. Kachukua nyundo yake akaondoka. Ananiheshimu mno huyu mtoto.

Siku ya Zuhura, Januari 2

Jioni tumetundika wanasesere wa sufu njia panda, mmoja kwa kila mtu wa nyumba, ili miungu wachukue hao watuache sisi. Wa Hilaro nimemshona mkubwa kama mtoto wa miezi sita. Nimemtia na ukingo wa zambarau. Ampliata akauliza, shoga, kwani miungu hawaoni vizuri siku hizi? Nikamjibu wanaona, ndiyo maana wa Vitali wamemwacha aning'inie kwa uzi mmoja.

Hilaro kapita usiku kuniomba kitu. Kesho nikae nyuma ya watu. Nisiseme neno. Hata moja. Nikaapa kwa roho ya baba yake. Nilikuwa namaanisha kabisa.

Siku ya Zohali, Januari 3

Nimeharibu.

Ilianza vizuri jamani! Wale wenye fimbo mbele. Hilaro nyuma yao, shingo imenyooka, na muuza samaki, yule anayemwita "we fundi," akapisha na kikapu chake. Nguruwe na utepe shingoni, anamfuata mwanangu taratibu kama bibi harusi. Mpiga mbiu akaamuru ndimi zishikwe. Kimya. Zumari ikaanza. Hilaro akajifunika kichwa, akanyoosha mkono juu ya moto.

Nikaona pindo la toga linakaribia makaa.

Mama gani angenyamaza? Nikasema, "Hilaro, nguo!" Kwa sauti ndogo. Wanasema ilisikika hadi mtoni. Nguruwe akainua masikio. Akaijua sauti. Akampitia mpiga zumari miguuni, akaruka kikapu cha samaki, akaja kunilalia miguuni akiomba tini.

Ampliata akapaza sauti kuwa miungu wamesema. Wazee wakashauriana. Wakaamua irudiwe leo leo, toka mwanzo, kwa nguruwe mwingine, kabla jua halijazama. Ikiharibika tena, Vitali avae toga hapo hapo.

Mchinjaji alibaki na nguruwe mmoja tu, naye nguruwe huyo ana kichaa. Nimemlilia hadi akanipa.

Kisha Hilaro akapanda kwangu na toga yake, majivu usoni. Nilidhani atanifokea. Akanishika mikono. Akasema, mama, nakuomba, kaa humu ndani, funga dirisha. Mimi! Niliyeisubiri siku hii toka nimemzaa utumwani! Nikataka kukataa. Nikamwona midomo inatetemeka, kama alipokuwa mdogo na homa. Nikafunga dirisha mwenyewe. Nikajaza mkate mdomoni.

Sikuona kitu. Nilisikia tu. Zumari. Kwato, polepole, hazikimbii. Halafu sauti ya mwanangu inasoma dua, neno kwa neno, haikwami. Nilikuwa nalia na mkate. Mpiga mbiu akatangaza imekwisha, na imekubaliwa. Nikasukuma dirisha, nikapiga vigelegele mpaka mkate ukamwangukia Ampliata kichwani. Miungu ni wema.

Siku ya Jua, Januari 4

Mtaa mzima unamwita mheshimiwa. Toga imesharudi sandukuni, lakini muuza samaki leo kapisha tena, bila kuambiwa na mtu.

Nimefikiri sana. Kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa la nguruwe: ni mnyama mwenye mapenzi mengi mno. Na bila tini zangu watu wasingeona tofauti ya sadaka mbaya na nzuri. Nimemweleza Hilaro hivyo. Kaweka kichwa mezani. Uchovu wa cheo.

Sasa nasikia serikali inatafuta mtu wa kutunza wale kuku watakatifu wa kubashiria vita. Kuku wakila kwa pupa, jeshi linakwenda vitani. Wakisusa, majenerali wanarudi kulala. Kazi kubwa hiyo! Kazi ya Hilaro kabisa! Yeye bado hajui.

Nimenunua kuku watatu asubuhi. Kuku si nguruwe, hana moyo, hawezi kumpenda mtu kupita kiasi. Mmoja tayari anakula mdomoni mwangu.